Mifupa ya Tendaguru na Siku Sita za Mwanzo: Historia ya Upatanisho Uliosahaulika

Ikisiri

Mabishano kuhusu dinosauri na masimulizi ya uumbaji huchukuliwa na wengi katika Afrika Mashariki na Kati kuwa sehemu ya imani iliyoletwa na wamisionari wa karne ya 19. Makala hii inaihoji dhana hiyo. Kwa kufuata safari ya mawazo kutoka Cambridge na Edinburgh hadi Mombasa, Lindi na Karonga, makala inaonyesha kuwa miongoni mwa waasisi na wasomi wa makanisa yaliyotuma misheni katika ukanda huu, ukale wa dunia ulikuwa umekwishakubaliwa kabla Biblia nzima haijachapishwa kwa Kiswahili. Msimamo wa kuipa dunia umri wa miaka elfu chache ulipata nguvu mpya katika karne ya 20, kwa njia nyingine na kwa sababu nyingine. Makala inachambua pia nafasi ya tafsiri za Kiswahili katika suala hili, na inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga mitaala, makumbusho na vyuo vya teolojia.

1. Utangulizi

Mwaka 1909 mambo matatu yalitokea mbalimbali, pasipo mmoja wa wahusika kumjua mwenziwe. Mwezi Aprili, wanajiolojia wawili Wajerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, waliwasili Lindi ili kuanza kuchimba mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru. Tarehe 30 Juni, Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa majibu yake kuhusu sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo. Miongoni mwa majibu hayo ni kwamba neno “siku” katika sura ya kwanza laweza kuchukuliwa kuwa siku ya kawaida au kipindi fulani cha wakati, na kwamba wafafanuzi wako huru kulijadili jambo hilo. Mwaka huohuo ilichapishwa Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield, kitabu kilichoenea mno miongoni mwa Waprotestanti wa Marekani, ambacho katika maelezo yake kiliacha nafasi ya zama ndefu zisizotajwa kati ya aya ya kwanza na ya pili ya Mwanzo.

Kwa hiyo, siku wapagazi wa Lindi walipoanza kubeba mifupa ya viumbe walioishi miaka takriban milioni 150 iliyopita, Roma ilikuwa imetoa ruhusa ya kuwaza juu ya wakati huo mrefu, na wahafidhina wa Marekani walikuwa na Biblia mkononi iliyowapa nafasi ya kufanya hivyohivyo. Karne moja baadaye, mwanafunzi wa sekondari katika nchi zetu anaweza kuambiwa kwamba hana budi kuchagua: ama amwamini Muumba, ama akubali kwamba dinosauri waliishi zama hizo. Swali linaloiongoza makala hii ni hili: uchaguzi huo ulitoka wapi, ikiwa waliotuletea Biblia wengi wao hawakuudai?

Ni lazima kueleza mipaka ya hoja mapema. Hatudai kwamba kila mmisionari alikuwa msomaji wa jiolojia, wala kwamba makanisa yote yalikuwa na kauli moja. Tunachodai ni kwamba upatanisho kati ya visukuku na imani ya uumbaji ulikuwa mali halali ya mapokeo ya Kikristo yaliyofika kwetu, na kwamba kusahaulika kwake kumetugharimu.

2. Tatizo la kwanza: viumbe waliotoweka

Mara nyingi hudhaniwa kwamba tatizo la dinosauri lilianzia kwa Charles Darwin. Sivyo. Darwin alichapisha kitabu chake cha asili ya spishi mwaka 1859. Kufikia wakati huo mjadala wa visukuku ulikuwa na zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1796, Georges Cuvier wa Paris alilinganisha mifupa ya tembo walio hai na ile ya tembo wa kale, akaonyesha kwamba wale wa kale walikuwa aina tofauti ambayo haipo tena duniani. Hoja hii iliwasumbua waumini kuliko tunavyodhani leo. Wengi waliamini kwamba Mungu mwema hawezi kuumba aina ya kiumbe kisha akaiacha iangamie; viumbe vyote vilidhaniwa kuwa mnyororo mmoja usiokatika. Kutoweka kwa hata aina moja kulionekana kuwa dosari katika kazi ya Muumba.

Pamoja na hilo kulikuwa na suala la hesabu. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1650, alipiga hesabu ya vizazi vya Biblia na kufikia mwaka 4004 kabla ya Kristo kuwa mwaka wa uumbaji. Kuanzia mwaka 1701 tarehe zake zilichapishwa pambizoni mwa Biblia za Kiingereza, hata wasomaji wengi wakazihesabu kana kwamba ni sehemu ya Maandiko yenyewe. Hili ni jambo la kuzingatia: kilichogongana na miamba hakikuwa aya ya Mwanzo, bali maandishi ya pambizoni.

Mwaka 1824, William Buckland, kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa jiolojia Oxford, alimwelezea mnyama mkubwa wa jamii ya mijusi aliyempa jina Megalosaurus. Mwaka uliofuata Gideon Mantell alimtangaza Iguanodon. Mwaka 1842, Richard Owen aliwaunganisha wanyama hawa pamoja na mwingine mmoja katika kundi moja, akaliita Dinosauria. Owen mwenyewe alikuwa mwamini aliyeyapinga mawazo ya spishi kubadilika zilivyoenezwa wakati wake. Kwake yeye, umbo kamilifu la dinosauri lilikuwa ushahidi wa hekima ya Muumba. Kwa hiyo jina lenyewe la viumbe hawa lilibuniwa na mtu aliyeona ndani yao utukufu wa Mungu, wala si kanusho lake.

3. Njia za upatanisho na majaribio yake

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 zilijitokeza njia kuu nne za kupatanisha. Kila moja ina funzo lake.

Njia ya kwanza ilikuwa kuihusisha miamba na gharika ya Nuhu. Mwaka 1823 Buckland alichapisha kitabu kilichodai kwamba changarawe na mifupa ya mapangoni ni mabaki ya gharika hiyo. Haikupita miaka kumi na mitano kabla hajaiacha hoja hiyo mwenyewe. Mwenzake wa Cambridge, kasisi Adam Sedgwick, alitangulia: mwaka 1831, akihutubia Chama cha Jiolojia cha London kama rais wake, aliungama hadharani kwamba alikosea kuihusisha changarawe yote na gharika moja. Waliowaongoza katika uamuzi huo hawakuwa maadui wa dini. Walikuwa makasisi waliokwenda kuangalia miamba kwa macho yao na kukuta tabaka juu ya tabaka, kila moja na viumbe wake, hali ambayo gharika moja isingeweza kuieleza.

Njia ya pili ni nadharia ya pengo. Mhubiri wa Kiskoti Thomas Chalmers aliieneza tangu mwaka 1814: kwamba kati ya aya ya kwanza ya Mwanzo, inayotaja kuumbwa kwa mbingu na nchi, na aya ya pili, inayoieleza nchi kuwa ukiwa, kuna zama zisizohesabika. Buckland aliikubali mwaka 1836, na ndiyo hiyohiyo iliyoingia katika maelezo ya Scofield mwaka 1909.

Njia ya tatu inazifanya siku sita kuwa enzi sita. Mtetezi wake maarufu alikuwa Hugh Miller, mwashi wa Kiskoti aliyejifunza jiolojia machimboni, kisha akawa mhariri wa gazeti la kikanisa. Kitabu chake juu ya ushahidi wa miamba kilitoka mwaka 1857, muda mfupi baada ya kifo chake.

Njia ya nne haitafuti kulinganisha aya na tabaka hata kidogo. Inasema kwamba sura ya kwanza ya Mwanzo inafundisha nani aliyeumba na kwa nini, haifundishi kwa utaratibu gani wala kwa muda gani. Njia hii ndiyo kongwe kuliko zote. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo alioandika mwanzoni mwa karne ya tano, alishikilia kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba siku zile sita si siku kama zetu. Aliwaonya pia Wakristo wasitoe kauli za kijinga juu ya mambo ya maumbile kwa jina la Maandiko, wasije wakawafanya wasioamini wayadharau hata yale yahusuyo wokovu.

Tukizipima njia hizi kwa haki, mbili za katikati zilikuwa na udhaifu. Nadharia ya pengo inahitaji maangamizi ya jumla yaliyoikata historia ya viumbe, lakini miamba haionyeshi mkato wa namna hiyo kati ya zama za kale na zetu. Ile ya siku-enzi inakwama katika mpangilio: Mwanzo inataja mimea kabla ya jua, na ndege kabla ya wanyama wa nchi kavu, ilhali visukuku vinatoa mfuatano mwingine. Hata hivyo, njia zote zilikuwa na msingi mmoja: Mungu aliyesema katika Maandiko ndiye aliyeumba miamba, hivyo ukweli wa miamba hauwezi kuwa tishio kwake.

4. Mawazo haya na misheni za ukanda wetu

Swali linalofuata ni kama mawazo haya yaliishia maktabani Ulaya au yalihusiana na misheni zilizokuja huku. Mifano minne inatosha.

Wa kwanza ni wa David Livingstone na misheni iliyotokana na wito wake. Livingstone alipokuwa kijana alisumbuliwa na hofu kwamba sayansi na dini haviwezi kukaa pamoja. Vitabu vya Thomas Dick, mwandishi wa Kiskoti, vilimwondolea hofu hiyo. Desemba 1857 alihutubia Cambridge, na kutokana na hotuba hizo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile iliyoweka makao Zanzibar na kufungua kituo cha Masasi mwaka 1876. Hotuba zilipochapishwa mwaka 1858, barua ya utangulizi iliandikwa na Sedgwick, kasisi yuleyule aliyeikana jiolojia ya gharika mwaka 1831. Sedgwick aliipinga nadharia ya Darwin mpaka kufa kwake. Lakini ukale wa dunia hakuutilia shaka.

Wa pili ni wa Kanisa Huru la Uskoti. Kanisa hili lilipojitenga mwaka 1843, msimamizi wake wa kwanza alikuwa Chalmers, mwenezi wa nadharia ya pengo. Mhariri aliyelitetea magazetini alikuwa Miller, mtetezi wa siku-enzi. Kanisa hilohilo ndilo lililoanzisha misheni ya Livingstonia katika Ziwa Nyasa mwaka 1875. Kati ya mwaka 1883 na 1884, Henry Drummond, mwalimu wa sayansi ya maumbile katika chuo cha kanisa hilo mjini Glasgow, alisafiri hadi Ziwa Nyasa na nyanda zilizo kati yake na Ziwa Tanganyika akichunguza jiolojia, akachapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1888. Mwaka 1894 alichapisha kingine kilichojaribu kuifanya nadharia ya mageuko kuwa sehemu ya mpango wa Mungu. Humo aliwakosoa waumini wanaomtafuta Mungu katika mapengo ya elimu tu, kana kwamba Mungu hayumo katika yale yaliyokwisha kueleweka. Malalamiko dhidi yake yalifikishwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kanisa mwaka 1895, na Mkutano haukumchukulia hatua.

Wa tatu ni wa Wakatoliki. Wabenediktini wa St. Ottilien waliofanya kazi Nyangao na Ndanda walikuwa majirani wa Tendaguru. Majibu ya Roma ya mwaka 1909 yaliwahusu kama yalivyowahusu Wakatoliki wote. Msimamo huo ulipanuliwa baadaye: mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu huku akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alitamka kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu.

Wa nne unatoka kusini zaidi, lakini unagusa suala letu kwa sababu aliyeuliza swali ni Mwafrika. Askofu John William Colenso wa Natal alikuwa akitafsiri masimulizi ya gharika kwa Kizulu, akisaidiwa na William Ngidi. Ngidi alimuuliza kama kweli aliamini kwamba wanyama wote wa dunia, wa nchi za joto na za baridi, waliingia katika safina. Colenso, aliyekuwa amesoma jiolojia, hakuweza kumdanganya. Maandiko yake yaliyoanza kutoka mwaka 1862 yalimfikisha katika mahakama ya kanisa. Kisa hiki kinatukumbusha kwamba Waafrika hawakuwa wapokeaji tu katika mjadala huu. Swali lililotikisa kanisa zima la Kianglikana liliulizwa katika meza ya tafsiri, na mtafsiri mwenyeji.

5. Tendaguru: mifupa na mabega

Taarifa za mifupa ya Tendaguru zilifika Ulaya kupitia mhandisi wa madini Bernhard Sattler mwaka 1906. Mwaka 1907 Eberhard Fraas wa Stuttgart alifika kuithibitisha. Baba yake, Oscar Fraas, aliwahi kuwa mchungaji wa Kilutheri kabla ya kuwa mtunza makumbusho na mtaalamu wa visukuku. Katika ukoo huo mmoja, mimbari na nyundo ya mwanajiolojia vilipokezana bila vita.

Vita vilikuwa kwingine. Maji Maji ilikuwa imemalizika tu mwaka 1907, na kusini nzima ilikuwa ikitoka katika njaa na maangamizi. Katika mazingira hayo, uchimbaji wa miaka 1909 hadi 1913 uliajiri mamia ya watu, wakikaribia 500 mwaka 1911. Chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, wenyeji hawa ndio waliofukua, wakafunga na kubeba kwa vichwa na mabega zaidi ya tani 200 za mifupa, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kutokana na mzigo huo kulisimamishwa Berlin mwaka 1937 kiunzi cha dinosauri mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyepewa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na ambaye leo wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Jina “brancai” linamkumbuka mkurugenzi wa makumbusho aliyebaki Berlin. Ilipofika mwaka 2007 ndipo dinosauri mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti.

Waingereza nao walichimba hapo kuanzia mwaka 1924 chini ya William Cutler, aliyefariki Lindi mwaka 1925. Msaidizi wake wa mwaka wa kwanza alikuwa kijana Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana, aliyekuwa na nia ya kuwa mmisionari yeye pia. Elimu aliyoipata Tendaguru ilimsaidia katika utafiti uliomtangaza duniani.

Malawi nayo ina sehemu yake. Mifupa iliyopatikana karibu na Karonga katika miaka ya 1920 na kuelezwa mwaka 1928 ilipewa jina la Malawisaurus mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 makumbusho ya Karonga yameonyesha kiunzi chake kwa wananchi. Wilaya hiyo ni miongoni mwa maeneo ya kale ya misheni ya Livingstonia, hivyo kanisa na dinosauri ni majirani huko.

6. Siku, nyangumi na kiboko: suala la lugha

Mwaka 1844, miaka miwili tu baada ya Owen kubuni jina Dinosauria, Johann Ludwig Krapf alianza Mombasa kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Alianza na kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Kadhi wa mji. Kwa hiyo masimulizi ya uumbaji ni miongoni mwa maandiko ya kwanza kabisa ya Biblia kuwekwa katika lugha hii, na yaliwekwa kwa ushirikiano wa Mkristo na Mwislamu. Biblia nzima ilikamilika kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1891, na Tafsiri ya Muungano, iliyo maarufu zaidi hadi leo, ilitoka mwaka 1952.

Maneno matatu katika tafsiri hii yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni “siku”. Katika Kiebrania, neno yom la sura ya kwanza linatumika tena katika Mwanzo 2:4 kwa kazi nzima ya uumbaji. Kiswahili kinabeba upana huohuo: tunaposema “siku za mababu” au “siku za mwisho”, hatuhesabu mapambazuko. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kutoka nje kwamba neno hili laweza kutanuka. Anahitaji tu kukumbushwa anavyolitumia mwenyewe. Tuseme pia, kwa uaminifu, kwamba kutajwa kwa jioni na asubuhi kunawapa hoja wale wanaoshikilia siku ya kawaida. Lugha haiwezi kuamua suala hili peke yake. Inaweza tu kuonyesha kwamba suala liko wazi.

La pili ni “nyangumi”. Pale Kiebrania kinapotaja viumbe wakubwa wa kutisha wa baharini katika Mwanzo 1:21, tafsiri yetu ilichagua mnyama anayefahamika. La tatu ni “kiboko” wa Ayubu 40, pamoja na “mamba” wa sura inayofuata. Katika Biblia za Kiingereza, wanyama hawa wameachwa na majina ya Kiebrania, Behemoth na Leviathan. Ugeni wa majina hayo ndio uliowawezesha wahubiri wa Marekani wa karne ya 20 kudai kwamba Ayubu alimwona dinosauri. Msomaji wa Tafsiri ya Muungano hapati nafasi hiyo: anamkuta kiboko, jirani yake wa Rufiji, Ruzizi na Shire. Inapotokea mhubiri wa kwetu akafundisha kwa Kiswahili kwamba mnyama yule ni dinosauri, ni ishara kwamba hoja yake imetoka katika kitabu cha lugha nyingine na si katika Biblia iliyo mbele ya wasikilizaji wake.

7. Jinsi uchaguzi wa lazima ulivyotokea

Hata mwaka 1925, katika kesi maarufu ya mwalimu John Scopes huko Tennessee, William Jennings Bryan, mpinzani mkubwa wa nadharia ya mageuko, alikiri alipohojiwa kwamba siku za Mwanzo si lazima ziwe za saa 24. Mpaka hapo, mtu aliweza kuwa mhafidhina kabisa na bado akaukubali ukale wa dunia.

Mabadiliko yalitokana na mkondo mwingine. George McCready Price, Mwadventista mzaliwa wa Kanada, alichapisha mwaka 1923 kitabu kilichorudisha hoja kwamba miamba yenye visukuku ni zao la gharika moja. Kwa muda mrefu hakuwa na wafuasi wengi nje ya kanisa lake. Mwaka 1961, mwanateolojia John Whitcomb na mhandisi wa maji Henry Morris waliichukua hoja hiyo, wakaiandikia upya katika kitabu juu ya gharika ya Mwanzo kilichosambaa katika makanisa ya kiinjili. Kuanzia hapo, dunia changa ikageuka kutoka kuwa rai moja kati ya kadhaa, ikawa kwa wengi kipimo cha uaminifu. Dinosauri, mnyama anayependwa na watoto, akawekwa mbele ya mabishano hayo katika vitabu, filamu na mahubiri, ambayo baadaye yalivuka bahari.

Kwa hiyo kinachodhaniwa kuwa cha kale ni kipya, na kinachodhaniwa kuwa uasi wa kisasa kilikuwa kauli ya makasisi. Hoja ya gharika ambayo Buckland na Sedgwick waliiacha miaka ya 1830, baada ya kuishika kwa moyo wote, imerudi kwetu ikiwa na sura ya imani ya mababu.

8. Athari kwa sera na mapendekezo

Umuhimu wa historia hii si wa kitaaluma pekee. Mwaka 2006, viongozi kadhaa wa makanisa ya kiinjili Kenya walipinga namna makumbusho ya taifa mjini Nairobi yalivyokusudia kuonyesha visukuku vya binadamu wa kale, wakitaka vipunguziwe umashuhuri. Makumbusho hayakukubali, na yalifunguliwa upya mwaka 2008. Mvutano ule ulionyesha jinsi maswali tofauti yanavyoweza kufungwa katika fundo moja.

Maswali hayo ni matatu. Je, dunia ina umri gani? Je, kuna viumbe walioishi na kutoweka kabla ya binadamu? Je, mwili wa binadamu ulitokana na nini? Dinosauri wanahusu mawili ya kwanza tu. Katika mawili hayo, mapokeo makuu ya Kikristo yamekuwa na majibu yanayopatana na miamba kwa karibu miaka 200. Swali la tatu ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa hadhi ya binadamu, dhambi na wokovu. Makanisa yana haki ya kulijadili kwa makini yake. Ni kosa kumlazimisha mwanafunzi ayajibu yote matatu kwa neno moja la “ndiyo” au “hapana”.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mitaala itenganishe maswali haya, na walimu wa biolojia na wa elimu ya dini waandaliwe pamoja angalau katika mada hii, ili mtoto asisikie kauli mbili zinazopigana katika vipindi viwili vya siku moja. Pili, vyuo vya teolojia vifundishe historia ya Chalmers, Sedgwick, Drummond na Augustino kama sehemu ya urithi wa makanisa yenyewe. Mchungaji anayejua kwamba waasisi wa kanisa lake hawakuiogopa miamba hatakuwa na sababu ya kuwatisha vijana wake. Tatu, makumbusho yaandike maelezo kwa Kiswahili chenye istilahi zilizosanifiwa, na yawataje Boheti bin Amrani na wachimbaji wenzake. Raia anayeona kwamba babu yake ndiye aliyekibeba kisukuku hatakiona kuwa hila ya wageni dhidi ya imani yake. Nne, mjadala unaoendelea juu ya hatima ya mifupa iliyoko Berlin ujumuishe swali la elimu: mifupa ikirudi, au nakala zake zikaletwa, itawekwa mbele ya umma ulioandaliwa kuisoma, au mbele ya umma ulioambiwa kwamba kuitazama ni kukana imani?

9. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba upatanisho kati ya dinosauri na imani ya uumbaji si ubunifu wa leo wala si mapatano ya woga. Ulifanywa na makasisi waliochimba, wahariri wa magazeti ya kikanisa, tume ya Roma, na watafsiri waliokaa meza moja na wenyeji waulizaji. Baadhi ya njia zao zilishindwa, na waliposhindwa walikiri. Iliyodumu zaidi ni ile iliyokataa kuifunga Mwanzo katika jiolojia ya kizazi kimoja, ikaiacha iseme inachosema: kwamba vyote vina Muumba, na kwamba alichokiumba ni chema.

Wapagazi wa Tendaguru waliobeba mifupa ile hadi Lindi hawakuulizwa walifikiri nini juu yake. Wajukuu wao wanaulizwa leo, darasani na kanisani. Ni wajibu wa watafiti na washauri wa sera kuhakikisha kwamba wanapojibu wanaijua historia yote, na si ile nusu iliyofika mwisho.